Somo: banda jepesi la matao ya mbao, unafunga na kufungua

Habari wakuu, mmeuliza sana hili banda la sherehe basi somo ndo hili. Upana mita 4.5, matao manne, kila tao ni nusu mbili zinazokutana juu, ili shughuli ikiisha Machame kesho likasimame Usa River, lote kwenye Kanta moja.

1. Mbao. Saipresi au paini iliyokauka, futi 12, nyuzi zimenyooka na haina vifundo, pasua tepe za milimita 10 upana inchi 2. Watu wanachukua nene wakidhani ndo imara, ikivunjika wanalaumu mti. Mimi rediasi (toka katikati ya duara hadi kwenye tao) haishuki chini ya mara 200 ya unene, yaani mita 2, hapa ni mita 2.25 kwa hiyo tuko salama.

2. Kupinda. Piga msumari sakafuni, kamba mita 2.25, chora robo duara, pigilia vizuizi kufuata mstari. Laza tepe ya ndani, vipande vya inchi 2 kwa 2 kila sentimita 50 hivi, halafu tepe ya nje. TOBOA BAADA YA KUPINDA jamani, tepe ya nje inazunguka mbali zaidi kama sentimita 9, ukitoboa kabla mashimo hayaonani. Bolti za milimita 8 na washa pana, misumari na gundi hapana, utafunguaje?

3. Namba kila kipande.

4. Simamisha, bolti juu, papi toka tao hadi tao na waya za msalaba yasilale upande. Chini unganisha miguu miwili ya kila tao, maana inataka kutanuka.

5. Upepo. Hapa nawaomba sana, banda jepesi likivaa turubai linataka kupaa na ndani kuna watoto. Kila mguu funga pipa la lita 200 limejaa maji, hizo ni kilo 200.

MASWALI

– Fundi, tepe nyembamba hivyo zinabeba kweli?
Zinabeba, mbili zikiachana na kufungwa vizuri zinafanya kazi kama ubao mmoja mnene. Msanifu majengo Frei Otto na wenzake kule Mannheim, Ujerumani, 1975 walifunika ukumbi mkubwa kwa mbao za milimita 50 kwa 50 tu na bolti.

– Kaka mi nina mkaratusi mbichi shambani, vipi?
Acha dada, ukikauka unajipinda na kupasuka, mashimo yote yanahama.

– Masika je?
Miguu isiguse udongo, weka juu ya tofali, na usifunge stoo mbao zikiwa na maji.