Kunoa Kisu cha Kukunja kwa Mkono: Usibadili Kinoo Kabla ya Kuusikia Mkunjo

Napenda visu vya kukunja. Napenda mlio mfupi wa bapa linapofunguka na kutulia mahali pake, na napenda kwamba chombo kizima cha kazi kinaenea mfukoni. Lakini raha kubwa kuliko zote ni kukinoa mwenyewe. Wengi hununua kisu kizuri, hukitumia mpaka kianze kuchana kamba badala ya kuikata, wakajaribu kukinoa mara moja mbili, kisha wakakitupa kwenye droo wakiamini chuma chake ni kibovu. Mara nyingi chuma hakina kosa. Waliacha kusugua kabla makali ya pande mbili hayajakutana, na ipo ishara ya wazi ya kukuambia yamekutana: mkunjo mdogo wa chuma kwenye ukingo wa makali. Ukiijua hiyo, mengine yote ni mazoezi.

Kijue kwanza chuma chako

Visu havinoleki sawa. Opinel, ambavyo Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, hupatikana kwa chuma cha kaboni au kwa kile kisichoshika kutu. Cha kaboni ni rafiki wa mnoaji: kinashika makali haraka, na kutu yake inazuilika kwa kukikausha tu. Visu vya Victorinox vya Uswisi vina chuma kisichoshika kutu chenye ugumu wa takribani 56 kwa kipimo cha Rockwell. Hicho hupoteza makali mapema kidogo, lakini dakika chache juu ya kinoo zinatosha kuyarudisha.

Halafu kuna vyuma vya kisasa kama S30V, vyenye vanadi nyingi, aina ya metali inayochanganywa na chuma. Vanadi ikiungana na kaboni hutoa chembe ngumu kuliko hata chembe za vinoo vingi vya kawaida, ndiyo maana mtu husugua weee bila kuona tofauti. Vyuma hivyo vinataka kinoo cha almasi. Kama ndiyo unaanza, jifunzie kwenye Opinel au Victorinox. Utajua upesi kama mkono wako unakwenda sawa.

Vifaa

Kinoo kimoja cha pande mbili, namba 400 na 1000, kinatosha kabisa. Namba ndogo hukwangua sana, kubwa hulainisha. Ongeza kalamu ya wino mzito, kitambaa, na kipande cha ngozi, hata mkanda wa zamani. Usiwe na haraka ya kununua vinoo vya namba 6000 au 8000. Makali mazuri yaliyotoka kwenye 1000 yanakata kamba vizuri kuliko makali yaliyong'arishwa juu ya kazi mbovu.

Hatua ya 1: Safisha, na ujue kufuli yako

Futa utomvu, gundi na vumbi. Kisha tazama kinachozuia bapa lisijifunge. Opinel nyingi zina pete ya chuma, iliyobuniwa mwaka 1955: izungushe mpaka ikaze. Buck 110 ina kufuli mgongoni mwa mpini. Visu vingi vya Uswisi havina kufuli, vinashikiliwa na springi peke yake, kwa hiyo ukiusukuma mgongo wa bapa, kisu kinaweza kukufungia vidoleni. Wakati wote wa kunoa, kandamiza ubavuni mwa bapa, karibu na makali, usikandamize mgongo.

Hatua ya 2: Andaa kinoo

Kinoo cha maji kiloweke mpaka viputo viishe. Cha almasi hakihitaji kulowekwa. Kiweke juu ya kitambaa chenye unyevu kisiteleze, huku upande wa 400 ukiwa juu.

Hatua ya 3: Tafuta pembe

Kwa kisu cha mfukoni lenga digrii 15 hadi 20 kila upande. Huhitaji kifaa cha kupimia. Bapa lenye upana wa milimita 15, ukiinua mgongo wake milimita 5 kutoka kwenye kinoo, umekaribia digrii 20. Ukiinua milimita 4, umekaribia 15.

Sasa paka wino kwenye makali, pande zote mbili, na usugue mara mbili tatu kwa wepesi. Wino ukitoka juu tu, kuelekea mgongoni, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye ukingo wenyewe tu, umekiinua mno. Ukitoka wote, hiyo ndiyo pembe yake, ifuate. Rudia kupaka kila unapotilia shaka. Hata wazoefu hufanya hivyo, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kuufundisha mkono.

Hatua ya 4: Upande mmoja, mpaka mkunjo utokee

Hapa ndipo kazi ilipo. Sukuma bapa makali yakitangulia, kama unayetaka kukwangua utando mwembamba juu ya kinoo. Vidole viwili vya mkono wa pili vikae ubavuni mwa bapa, juu ya sehemu inayosuguliwa. Anzia karibu na mpini na umalizie kwenye ncha. Bapa linapoanza kujipinda kuelekea ncha, inua mpini kidogo, la sivyo ncha itabaki butu wakati sehemu nyingine zote zinakata.

Endelea upande huohuo. Usigeuze kisu kila baada ya msuguo mmoja. Makali yanapofikiwa hasa, chuma chembamba cha ukingoni hakina tena pa kwenda, kinajikunja kuelekea upande wa pili. Huo ndio mkunjo. Ni mdogo mno kwa macho, lakini kidole kinausikia: weka dole gumba kwenye upande ambao hukuusugua, ulivute kutoka mgongoni kwenda makalini na kutokea nje. Kamwe usilipitishe kando ya urefu wa makali. Ukisikia kitu kinakwaruza na kushika ngozi, umefika.

Usikie urefu wote, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Mara nyingi utaupata katikati tu. Basi rudi kwenye sehemu zilizobaki. Ukihamia kinoo laini kabla ya hapo, utang'arisha ubutu.

Hatua ya 5: Upande wa pili, kisha punguza nguvu

Geuza kisu, fanya vilevile mpaka mkunjo uhamie upande ulioanza nao. Baada ya hapo pishanisha: msuguo mmoja huku, mmoja kule, kila mara kwa nguvu ndogo zaidi. Hamia 1000 na urudie, safari hii mwishoni kisu kibebe uzito wake tu. Mkunjo ukibaki, kisu kitakata vizuri sana siku ya kwanza, kisha kitakuwa butu ghafla.

Hatua ya 6: Ngozi

Vuta bapa juu ya ngozi mgongo ukitangulia, ukipishanisha pande. Makali yakitangulia utaikata ngozi. Misuguo michache inatosha kuondoa mabaki ya mkunjo.

Kujaribu, tumia karatasi nyembamba. Ikatike bila kuchanika, kuanzia karibu na mpini mpaka kwenye ncha. Panaponasa ndipo pa kurudia. Vilevile tazama makali kutoka juu chini ya taa: makali kamili hayarudishi mwanga, na kila kinukta kinachometa ni butu.

Hatua ya 7: Kiungo

Wanaonoa visu vya jikoni hawana shida hii. Tope la kinoo huingia kwenye kiungo cha kisu cha kukunja na kukikwaruza kwa ndani. Suuza, fungua na ufunge taratibu, kausha kabisa, kisha tia tone moja la mafuta. Mpini wa Opinel ni wa mbao na ukinywa maji huvimba na kulibana bapa, kwa hiyo hicho usikitumbukize, kifute tu.

Kuanzia hapo, kikianza kulegea kwenye karatasi kirudishe kwenye ngozi. Ngozi ikishindwa, misuguo michache ya 1000 inatosha. Upande wa 400 uache mpaka makali yapate pengo au yawe butu kabisa, kwa kuwa kila ukiutumia unapunguza bapa.