Kukaanga Buni Nyumbani kwa Karai na Mwiko

Buni mbichi iliyokaushwa vizuri hukaa miezi sita hadi mwaka mzima mahali pakavu bila kupungukiwa sana na ubora wake, lakini ikishakaangwa huanza kupoteza harufu ndani ya wiki chache, na ikishasagwa huipoteza kwa kasi zaidi. Ndiyo maana anayeithamini kahawa hufaidika sana akijifunza kukaanga kiasi kidogo kidogo, kile atakachokinywa kwa wiki moja au mbili. Gharama ya vifaa si kikwazo hata kidogo. Kwa kadiri nilivyoona, kahawa inayokaangwa nyumbani haiharibiwi na uduni wa chombo, bali huharibiwa na moto usioangaliwa na buni zinazocheleweshwa kupozwa.

Chombo ninachokipendekeza kuliko vyote ni karai zito la chuma lenye tako la mviringo, kwa sababu buni zinazosukumwa pembeni hurudi zenyewe katikati, na hakuna kona ambamo chache zinaweza kujificha zikaungua. Kikaango bapa nacho kinafaa, ila kinadai mkono usiochoka. Epuka chombo chenye utando wa kuzuia chakula kisigande, kwa maana utando wa aina hiyo huanza kuharibika na kutoa mvuke wenye madhara joto linapopita takribani nyuzi 260 za Selsiasi, na chombo kitupu kilichoachwa juu ya moto mkali hufika huko upesi. Zaidi ya karai utahitaji mwiko mrefu wa mbao, machujio mawili makubwa ya chuma, saa, na ikiwezekana mizani ndogo ya jikoni. Mwenye mashine ya bisi inayotumia hewa ya moto anaweza kukaanga humo gramu 80 hadi 100 kwa mara moja, mradi hewa iwe inaingia kupitia matundu ya ubavuni. Zile zinazopuliza kutoka chini kupitia wavu hukusanya makapi karibu na waya wa moto na zinaweza kuwaka. Oveni simshauri anayeanza kuitumia, kwani hawezi kukoroga mfululizo, na buni za pembeni huiva kabla ya zile za katikati.

Mwaga buni zako kwenye sinia pana penye mwanga wa kutosha, uzichambue. Ondoa zilizo nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, na vijiwe vidogo ambavyo mara nyingine hupita bila kuonekana. Kazi hii inachosha, lakini buni moja iliyooza inaweza kuharibu ladha ya kikombe kizima, na vipande vidogo huungua kabla ya wenzake kuiva. Hakuna haja ya kuziosha.

Fungua madirisha yote, kwa kuwa moshi utakuwa mwingi, hasa ukipenda kahawa iliyokaangwa sana. Kama unaweza kukaanga nje, mahali pasipo na upepo mkali, ni bora zaidi. Weka mfuniko wa karai karibu nawe. Buni zikishika moto, zima jiko na ufunike, wala usimwage maji. Na usiondoke hata kwa dakika moja tangu unapoanza hadi unapomaliza.

Pasha karai kwa moto wa wastani dakika mbili au tatu, kisha tia buni zisizozidi tabaka mbili. Kwa chombo chenye upana wa sentimita 25, gramu 150 zinatosha. Anza kukoroga mara moja, ukifikisha mwiko hadi chini na kuzigeuza badala ya kuzizungusha tu. Dakika nne au tano za mwanzo ni za kukausha maji yaliyomo ndani ya buni, ambayo ni takribani asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Rangi ya kijani hufifia, ikawa ya manjano, na harufu inayopanda ni ya nyasi kavu. Usivutiwe kuongeza moto kwa kuona kwamba hakuna kinachotokea. Buni zikiwa za manjano zote kwa usawa, harufu hubadilika ikawa kama ya mkate unaookwa, na makapi, yaani ile ngozi nyembamba iliyoshikamana na buni, huanza kubanduka na kurukaruka. Sasa ongeza moto kidogo.

Kuanzia hapa sikio lina kazi kubwa kuliko jicho. Buni zinapofika takribani nyuzi 200, mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua, na unasikia mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjwa. Huanza mmoja, kisha mwingine, halafu milio mingi kwa pamoja. Huu ndio mpasuko wa kwanza, na katika karai nauridhia ukianza kati ya dakika ya saba na ya kumi. Punguza moto kidogo unapoanza, kwa sababu buni zenyewe sasa zinatoa joto. Mpasuko ukiisha, kahawa tayari inanyweka, ikiwa na rangi ya kahawia isiyokolea na uchachu unaoonyesha vizuri tabia ya buni yenyewe. Ukiendelea dakika moja au mbili zaidi, uchachu hupungua na utamu huzidi. Mimi huishia hapo mara nyingi, na ndiko ninakomshauri anayeanza aishie. Baadaye huja mpasuko wa pili, wenye milio midogo ya haraka kama karatasi kavu inayofinyangwa mkononi. Mafuta huanza kung'aa juu ya buni, moshi huwa mzito, na uchungu hutawala. Wanaoipenda kahawa nyeusi huishia mwanzoni mwa mpasuko huo. Kutoka hapo hadi mkaa ni muda mfupi mno.

Kuipua hakutoshi, kwa kuwa buni huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe. Nilipokuwa najifunza niliwahi kuzima jiko kwa wakati ule ule nilioukusudia, nikaziacha buni ndani ya karai huku nikitafuta chujio, na nilipolipata zilikuwa zimeshapita rangi niliyoitaka na zinatoa moshi. Weka machujio tayari kabla ya kuwasha moto. Mimina buni katika moja, kisha uzihamishe kutoka chujio hili hadi lile kwa kurudiarudia, mbele ya feni au dirisha lenye upepo, hadi uweze kuzishika bila kuungua ndani ya dakika nne hivi. Kufanya hivyo kunapepeta pia makapi, kwa hiyo fanyia kazi hiyo mahali ambapo ni rahisi kufagia.

Zikipoa, chukua buni moja, uivunje kwa vidole au kwa kisu, na uiangalie kwa makini. Rangi ya ndani inapaswa kukaribiana na ya nje. Ikiwa nje ni nyeusi na ndani ni hafifu, moto ulikuwa mkali mno tangu mwanzo, na kahawa itakuwa na ladha ya kuungua na ya ubichi kwa pamoja. Ikiwa rangi inalingana lakini kahawa ni tambarare, haina uchachu wala utamu, na ukaangaji ulizidi dakika 15, basi moto ulikuwa dhaifu. Mabaka meusi upande mmoja yanatokana na kukoroga kwa uvivu. Pima pia uzito: gramu 150 za buni mbichi zikirudi takribani 127 zimepoteza asilimia 15, ambayo ni kadiri ya kawaida kwa ukaangaji wa wastani. Andika daftarini moto uliotumia, dakika ya mpasuko wa kwanza, dakika ya kuipua, na uzito wa mwisho, kisha mara ijayo badilisha jambo moja tu.

Usiinywe siku hiyo hiyo. Buni iliyotoka kukaangwa imejaa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo huyazuia maji kupenya unga sawasawa. Iweke katika chupa safi yenye kifuniko kilicholegezwa kwa saa 24, kisha uifunge kabisa na kuihifadhi mbali na jua na jiko. Siku ya pili au ya tatu, unapomwagia maji ya moto unga uliosagwa wakati huo huo, utauona ukivimba na kutoa povu la kahawia. Povu likiwa jingi kiasi cha kufurika, iache kahawa hiyo ipumzike siku moja zaidi.