Jinsi ya kupanga bakteria wakae chupa moja bila mmoja kummaliza mwenzake

Chukulia una E. coli wa aina mbili, huyu kazimiwa jeni ya kutengeneza lisini, yule ya leusini (zote ni asidi amino, bila hizo hawakui), kwa hiyo kila mmoja anaishi kwa kinachovuja toka kwa mwenzake. Wako kwenye kemostati, yaani chupa inayoingiziwa chakula kipya huku ikimwaga cha zamani muda wote. Kabla hujagusa maabara, fungua Python (lugha ya kuandikia programu) uwaigize kwa kompyuta.

Andika milinganyo ya Monod (inayoonyesha kasi ya kukua inavyotegemea chakula kilichopo), mmoja kwa kila aina, halafu chagua unavyoweza kubadilisha kweli: kasi ya kumwaga (anza na 0.05 hadi 0.5 kwa saa, ikizidi kasi yao ya kukua wanaoshwa wote), kiasi cha chakula, na kila mmoja avujishe kiasi gani.

Sasa alama, yaani namba ambayo algoridhimu ya kutafuta itaitumia kujua muundo upi ni mzuri, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Ukiiambia algoridhimu "tafuta hali tulivu" tu itakuletea chupa tupu, maana waliokufa wote wametulia kweli, hawana shida na mtu! Weka sharti jumla ya bakteria isikaribie sifuri, na kila aina isishuke chini ya asilimia 10 ya wote. Kisha angalia thamani eigeni za matriksi ya Jacobian (namba zinazoonyesha kama msukosuko utakua au utazimika), sehemu halisi zote ziwe hasi, ila hiyo inakwambia kuhusu misukosuko midogo tu, kwa hiyo anza pia na aina moja ikiwa na bakteria mmoja kwa mia wa nyingine, halafu mia kwa mmoja, tikisa kila parameta asilimia 20 juu na chini, na alama iwe ile MBAYA kuliko zote, achana na wastani.

Kutafuta parameta bora tumia differential_evolution ya SciPy (maktaba ya hesabu ya Python), na kutatua milinganyo tumia solve_ivp yake uipe njia ya BDF, milinganyo hii inaweza kukwamisha njia ya kawaida. Rudia kwa seed (namba ya kuanzishia bahati nasibu ya kompyuta) tofauti, na jibu likikaa ukingoni kabisa mwa mipaka uliyoweka usiliamini, panua mipaka urudie.

Haikai? Badilisha muundo wenyewe. Mwaka 2004 You, Cox, Weiss na Arnold walitengeneza E. coli wanaojiua wenyewe wakijazana, kwa ishara ya LuxI/LuxR (protini mbili, moja hutengeneza ishara, nyingine huipokea) na sumu ya ccdB inayoua seli, na breki ya hivyo unaweza kuiongeza kwenye modeli. Karkaria, Fedorec na Barnes 2021 walipima kwa kompyuta miundo ya aina mbili na tatu wakitumia takwimu za Bayes (njia ya kukadiria uwezekano kwa kuusahihisha kadiri ushahidi unavyoingia).

Mwisho ingiza mdoezi, mutanti asiyevujisha kitu ila anakua haraka kidogo. Akitawala chupa, muundo huo utupe hata kama alama zake ni nzuri.