Kufundisha simu itambue bodi za skrepa: mwongozo kwa anayeenda fildi ya utafiti

Wenzangu walipata ofisi. Mimi nikapangiwa kibanda cha fundi Mwanjelwa, Mbeya, na magunia mawili ya bodi, yaani vibao vya saketi, za simu, kompyuta na redio, na betri humo humo. Kazi yenyewe: modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, itenganishe bodi kwa picha, ili mnunuzi wa skrepa asizipime zote kwa bei ya chini. Ukipewa mradi wa aina hii, anza hivi.

Hatua ya 1: Kaa na fundi kwanza. Kompyuta iache kwenye begi. Mwombe achambue gunia kwa mkono, wewe tazama macho yake yanaenda wapi. Wangu alikuwa akigeuza kila bodi. Ya kahawia, yenye shaba upande mmoja tu, kama za chaja na redio za zamani, aliirusha pembeni: "Hii uzito wa bure, mdogo wangu." Za simu aliziweka kwa upole, maana miguso yake, sehemu za kugusanisha umeme, imepakwa dhahabu. Makundi yake ndiyo lebo zako, majina ambayo modeli itajifunza kujibu: simu, kompyuta, kahawia, na betri.

Hatua ya 2: Ondoa hatari. Betri iliyovimba usiibonyeze wala kuitoboa. Ziba ncha zake kwa selotepu, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na jua. TV ya chogo usiivunje, kioo chake kina risasi, ile metali yenye sumu. Nyaya hazichomwi, hata jirani akikuambia ndiyo njia ya haraka ya kupata shaba.

Hatua ya 3: Piga picha. Bandika namba kwenye kila bodi: B001, B002, na kuendelea. Piga picha nne kila bodi, asubuhi yenye ukungu na mchana wa jua kali, na ubadilishe unachoilaza juu yake.

Hapo kwenye kubadilisha ndipo nilipoumia. Jumatatu nilipiga bodi zote za simu juu ya mkeka wa bluu, Jumanne za kahawia juu ya boksi. Modeli ikafaulu ajabu, nikajipongeza. Kisha nikaweka ndizi ya Tukuyu juu ya mkeka ule. Ikajibu "simu" bila kusita. Kumbe ilikuwa imesoma mkeka! Wiki nzima ya picha ikaenda na maji.

Hatua ya 4: Gawa kwa bodi, usigawe kwa picha. Picha nyingine ni za mafunzo ya modeli, nyingine za kuijaribu. Picha zote nne za B014 ziende pamoja, ama kwenye mafunzo ama kwenye majaribio. Ukizitawanya, modeli inakutana kwenye majaribio na bodi iliyokwisha kuiona. Mtihani umevuja, na alama zake hazina maana.

Hatua ya 5: Fundisha. Chukua MobileNetV2, modeli nyepesi ya kutambua picha, iliyokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida; gandisha tabaka zake za chini zisibadilike, fundisha la mwisho tu. Google Colab, kompyuta ya kuazima mtandaoni, inatosha. Punguza picha ziwe pikseli 224 kwa 224 kabla ya kuzipandisha, bando lisiishe saa nne asubuhi. Hifadhi modeli kwenye Google Drive, hifadhi yako ya mtandaoni, kila mara. Colab ikikata, vilivyobaki humo vinafutika.

Hatua ya 6: Soma makosa. Asilimia ya jumla itakudanganya. Bodi ya kompyuta ikiitwa ya simu, fundi anaona na kucheka. Betri ikiitwa bodi, inaingia kwenye gunia na kibanda kinaweza kuungua. Kwa hiyo modeli ikishuku betri hata kidogo, iseme betri. Kwingine ikiwa na mashaka, iseme "sijui" na kumwachia fundi.

Hatua ya 7: Ipeleke kibandani. Igeuze iwe TensorFlow Lite (siku hizi inaitwa LiteRT), muundo mwepesi unaofanya kazi ndani ya simu, iweke kwenye simu ya fundi mwenyewe, zima data, mkabidhi. Usimwelekeze. Kaa kimya uandike kwenye daftari lako la fildi.

Wangu alijaribu bodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniangalia. "Mbona hii yako haigeuzi?"

Picha zangu zote zilikuwa za upande wa juu. Nikarudi hatua ya 3. Wewe piga pande zote mbili tangu mwanzo: mbili juu, mbili chini.