Jinsi ya kufuatilia nyumba ya zamani na wote walioimiliki, tukitumia nyumba ya Karen Blixen kule Nairobi kama mfano

Kama umerithi nyumba ya enzi za mkoloni, au unapita tu kila siku karibu na moja pale Karen, Lavington, Muthaiga au Parklands na unataka kujua imepita mikono ya nani na nani, hiyo kazi inawezekana kabisa, ila anza na leo ndo urudi nyuma, mmiliki mmoja mmoja. Wengi wanaanza na hadithi ya mzungu aliyejenga, alafu wanakwama katikati hawajui nani alifuata.

Kitu cha kwanza ni namba ya ardhi. Nyumba za zamani Nairobi zilikua na namba ya LR (Land Reference, namba ya kiwanja), na kwenye hati yenyewe utaona pia namba ya IR, ile ya rejista. Ukienda kufanya serchi, yaani kuomba taarifa za kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, utapewa mwenye ardhi wa sasa, ukubwa, na kama kuna deni la benki juu yake, basi. Serchi haikupi historia. Historia iko ndani ya hati ya zamani, kurasa za nyuma, pale kila uhamisho ulipigwa mhuri na tarehe, au kwenye grini kadi (kadi ya rejista inayobaki ofisini) kwa ardhi zilizosajiliwa kwa ile sheria ya Registered Land Act, kwa hivyo omba nakala yake iliyothibitishwa. Na uwe makini hapa: tangu mwisho wa 2020 serikali imekua ikibadilisha namba za LR kuwa namba za bloki, so namba uliyonayo mkononi inaweza isifanane na ile iliyo kwenye faili la 1950. Andika zote mbili. Mimi nilizungushwa miezi mitatu kwenye ofisi moja nikiambiwa faili halipo, kumbe lilikua pale siku zote, mimi nauliza kwa namba mpya na lenyewe limewekwa kwa namba ya zamani.

Sasa tuchukue nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark wa kitabu cha Out of Africa, ile makumbusho chini ya vilima vya Ngong, juu yake kumeandikwa mengi na mlolongo wake unajulikana vizuri. Rudi nyuma na mimi. Makumbusho ilifunguliwa 1986, chini ya Makumbusho ya Taifa. Kabla ya hapo palikua chuo cha lishe cha serikali. Serikali ilipata wapi? Denmark iliinunua ikawapa Wakenya kama zawadi ya uhuru, mwaka 1964. Kabla ya Denmark iliandikishwa kwa majina mawili matatu ambayo hakuna mtu anayakumbuka, na kuna kipindi ilikua inakaliwa na kuachwa, inakaliwa na kuachwa. Nyuma yao ni Luteni Kanali Lloyd wa jeshi la Uingereza, aliyeichukua 1935 akakaa mpaka akafariki 1954, ikaenda kwa mabinti zake. Nyuma yake ni Remy Martin, mfanyabiashara wa ardhi aliyenunua shamba zima 1931 akalikata vipande vya ekari ishirini ishirini, na hapo ndo mtaa wa Karen ulipozaliwa. Nyuma yake shamba la kahawa la Blixen kuanzia 1917, na mwanzo kabisa Åke Sjögren, injinia wa Kiswidi aliyejenga 1912.

Umeona? Watu wanamtaja mmoja tu, Blixen, lakini huyo mmoja alikaa pale miaka kumi na nne. Huyo Kanali ambaye hata hatajwi alikaa kumi na tisa.

Na kuna mtego mkubwa hapo katikati. Watu wanasema nyumba ilikua ya Karen Blixen, lakini shamba lilikua la kampuni, Karen Coffee Company, iliyowekewa pesa na ndugu zake wa Denmark. Ndo maana kahawa ilipokataa (kule juu baridi ni kali mno kwa kahawa) wenye hisa waliamua kuuza na yeye akafungasha akaondoka 1931. Kwa hivyo kila ukiona jina jiulize, huyu ni mwenye hati au ni mtu aliyekaa tu ndani? Hata jina la mtaa lina mgogoro, wengine wanasema umeitwa kwa jina lake, wengine wanasema ni la binamu yake aliyeitwa Karen pia, binti wa mwenyekiti wa ile kampuni. Ukikuta hadithi mbili ziandike zote mbili, usichague ile tamu.

Ukikwama kwenye hati, nenda kwenye Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali. Imechapishwa tangu 1899 na matoleo mengi yako kwenye intaneti bure. Tafuta matangazo ya mirathi na ya hati zilizopotea, maana hapo wanataja jina, namba ya ardhi, mara nyingine hata mtaa aliokua anaishi marehemu. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue pia usipite, na magazeti ya zamani ya maktaba ya McMillan.

Alafu ikague nyumba yenyewe. Panda darini na tochi, mulika mabati, upande wa chini wakati mwingine kuna mhuri wa kiwanda. Angalia mawe ya ukuta: yaliyochongwa kwa patasi yana makovu mafupi mafupi yasiyolingana, ya mashine ni laini na kingo zake zimenyooka, na pale mawe ya aina mbili yanapokutana ujue huenda chumba kiliongezwa, sasa linganisha na tarehe za wamiliki uone nani alikua na pesa ya kuongeza.

La mwisho ndo linaniuma zaidi. Hati inaanza na mzungu, lakini ardhi haikuanza na yeye. Pale Ngong palikua na Wamaasai kabla ya wazungu kuja, na Wakikuyu upande wa Dagoretti. Na kwenye shamba la kahawa kulikua na familia za maskwota, ambao sheria ya 1918 iliwadai siku 180 za kazi kwa mwaka ili waruhusiwe kulima na kukaa. Hao hutawapata kwenye serchi yoyote. Babu yangu alipika kwenye nyumba kama hiyo miaka mingi, alijua kila ufa wa ile jiko la kuni, na hakuna karatasi hata moja inayomtaja.

Kwa hivyo tafuta wazee. Uliza nani alikua mpishi, nani alipanda ile miti ya getini, quarters za wafanyakazi zilikua wapi, maji yalitoka wapi. Nenda na picha ya zamani ya nyumba kama unayo, mzee akiishika mkononi ataanza kukuonyesha kwa kidole huyu alilala hapa, huyu hapa. Rekodi kwa simu, na majina atakayokutajia uyaandike siku hiyohiyo, kwenye karatasi ileile yenye majina ya wenye hati.