Unakaa stendibai bila kulipwa? Fanya hivi

Kama wewe ni kontrakta na mteja anataka simu yako iwe hewani usiku kucha na wikendi nzima halafu analipa tu zile dakika ulizoshika kazi, jua kwanza kwamba sheria za kazi sehemu nyingi zinamlinda mwajiriwa, wewe kinga yako kubwa ni mkataba. Kisichoandikwa mle utakidai kwa shida sana.

So kabla hujasaini, saa za stendibai ziandikwe, unatakiwa uitike ndani ya muda gani, na ada ya kusubiri ni kiasi gani hata simu isipoita kabisa. Ada hiyo ikae kando na bei ya kazi yenyewe, wengi wanazichanganya na hapo ndo wanaliwa. Muda wa kuitika uuangalie mno, dakika 10 maana yake huwezi kutoka nyumbani wala kulala ukatulia, saa 4 ni habari nyingine kabisa, bei haiwezi kuwa moja. Akigoma kulipa basi iandikwe kwamba una ruhusa ya kutopokea na hakuna adhabu.

Ushasaini tayari? Anza rekodi leo: tarehe, saa, simu zilizoingia, vitu ulivyokatazwa kufanya. Meseji za "usizime simu" usifute hata moja.

Hiyo rekodi ndo itaonyesha kama kweli unajitegemea au umepewa jina tu, kwa sababu mahakama nyingi haziishii kwenye jina la mkataba, zinauliza nani anapanga ratiba na bei, na je unaweza kukataa kazi au kuhudumia wateja wengine. Uingereza mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilikubali madereva wa Uber wana haki za wafanyakazi, na muda wa kukaa na app imewashwa wakiwa tayari kubeba abiria ni muda wa kazi. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilisema zimamoto wa Ubelgiji aliyetakiwa afike ndani ya dakika 8, kule kumsubirisha nyumbani ni muda wa kazi, ingawa malipo yake iliyaachia sheria za nchi.

Ukiona hali yako inafanana na hizo, nenda chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi au mwanasheria mapema, maana muda wa kufungua madai una mwisho na kuna sehemu ni miezi michache tu.