Kusasisha kompyuta ya kuzamia bila kuivuruga hesabu

Taarifa ya toleo jipya huja wakati mbaya. Umetoka majini, umeunganisha kompyuta ya kuzamia, yaani kile kifaa kinachokuhesabia kina na muda wa kukaa majini, na simu ili upakue kumbukumbu za mbizi, na programu inakuomba usasishe sasa hivi. Usibonyeze kwanza.

Hatua ya 1: Ngoja nitrojeni iishe

Hapa ndipo wengi huteleza. Kifaa hukadiria nitrojeni iliyobaki kwenye tishu zako tangu mbizi ya mwisho, na katika vifaa vingi sasisho hufuta makadirio hayo. Watengenezaji Shearwater, kwa mfano, wameonya hivyo kwenye kitabu chao cha maelekezo. Kikiwaka tena, kinakuchukulia kama mtu ambaye hajagusa maji. Ukizamia alasiri hiyohiyo, kitakupa dakika za kukaa kinani ambazo mwili wako hauna.

Usijifariji na zile saa 18 za kusubiri kabla ya kupanda ndege. Hicho ni kipimo cha ndege. Katika modeli ya Bühlmann ZHL-16C, mojawapo ya hesabu za nitrojeni zinazotumiwa na vifaa hivi, tishu ya polepole kuliko zote huchukua dakika 635, yaani zaidi ya saa 10, kutoa nusu tu ya ziada iliyobeba. Kifaa chako kikionyesha muda wa kutoa nitrojeni, ngoja ufike sifuri. Mimi sisasishi kabisa katikati ya safari ya kuzamia, hata toleo liwe zuri namna gani.

Hatua ya 2: Hifadhi ulichonacho

Pakua mbizi zote. Kisha piga picha kila ukurasa wa mipangilio: mchanganyiko wa gesi, kiwango cha tahadhari (jinsi kifaa kinavyokubana muda kwa usalama), vipimo, saa, aina ya maji.

Hatua ya 3: Chunguza kompyuta au simu utakayotumia

Soma ukurasa wa mtengenezaji uone programu yake inakubali mifumo endeshi ipi, kisha linganisha na toleo ulilonalo. Mambo yanayokwamisha watu hujirudia:

- macOS 10.15, iliyotoka 2019, iliacha kuendesha programu za biti 32. Programu ya zamani ya mbizi haifunguki humo.
- Kebo nyingi za vifaa vya zamani zina chipu ya kugeuza USB. Draiva mpya za Prolific, watengenezaji wa chipu hizo, zinakataa chipu zao za zamani na za bandia, hivyo Windows inaiona kebo lakini haizungumzi nayo. Nunua kebo nyingine, usipoteze jioni nzima ukisakinisha draiva upya.
- Kwenye Android 12 na kuendelea, programu inahitaji ruhusa ya vifaa vya karibu. Matoleo ya kabla ya hapo yanadai ruhusa ya mahali ulipo, jambo linalowashangaza wengi.

Programu ya mtengenezaji ikiwa imeachwa, jaribu Subsurface, programu ya kumbukumbu za mbizi iliyoanzishwa na Linus Torvalds, muasisi wa Linux, mwaka 2011. Ni ya bure na inasoma vifaa vya kampuni nyingi, vikiwemo vya zamani. Kumbukumbu utazipata, sasisho la kifaa chenyewe, kwa kawaida, bado linahitaji programu ya mtengenezaji.

Na kama laptopu yako inafanya kazi vizuri na kifaa chako leo, usiipandishe toleo katika wiki ileile unayosasisha kifaa. Badilisha kimoja, kijaribu, ndipo ugeukie kingine.

Hatua ya 4: Sasisha

Betri ijae. Zima hali ya usingizi kwenye laptopu, chomeka kebo moja kwa moja bila kigawanyaji. Kwa Bluetooth, mara nyingi unaunganisha ukiwa ndani ya programu, si kwenye mipangilio ya simu. Weka simu na kifaa karibu na uviache mpaka kifaa kijiwashe chenyewe.

Hatua ya 5: Kagua nchi kavu

Fungua picha zako, pitia mpangilio mmoja mmoja. Kiwango cha tahadhari ndicho cha kutazama kwanza, kwa sababu kikirudi cha kiwandani hakuna kengele itakayolia.

Halafu jaribu hesabu: weka naitroksi ya 32% (gesi ya kupumua yenye oksijeni 32%) na kikomo cha oksijeni cha bar 1.4. Kina cha juu kinachoruhusiwa kinapaswa kuwa takriban mita 33 hadi 34. Kikikupa namba ya mbali na hiyo, rudia mipangilio. Ikigoma tena, iandikie kampuni ukitaja namba ya toleo, na mbizi inayofuata tumia kifaa kingine.